Baba Mkali na Kijana Aliyeachwa na Msiba

 

Mada yetu ya leo ni nzito, na huenda wengine wakatamani kutafuta stesheni nyingine. Nakuomba usiondoke. Tunazungumza kuhusu nyumba iliyofiwa na kijana wa kiume ambaye alikuwa akipenda wanaume, na aliyekuwa akiishi na mwenzi wake wa kiume. Mwana ameaga dunia. Baba yake ni mtu mkali. Na yule mwenzi amebaki, hana mahali pa kulilia.

Huenda unauliza, jambo hili lina uhusiano gani na mazungumzo ya afya? Lina uhusiano mkubwa. Huzuni iliyofungiwa ndani humnyima mtu usingizi, hupandisha shinikizo la damu, humwingiza katika pombe, na wakati mwingine humfanya atake kujitoa uhai. Na katika nyumba ya msiba, anayeziona dalili hizi kwanza mara nyingi ni mama.

Sijaja kubishana na imani ya mtu. Kila nyumba ina dini yake na mila zake. Leo tuangalie jambo moja tu: baba mkali anamwonaje kijana huyu aliyebaki, na wewe mama unaweza kufanya nini ili msiba mmoja usizae msiba wa pili.

MFANO WA NYUMBA MOJA

Tuchukue mfano. Kijana alitoka kijijini akaenda kufanya kazi Nairobi. Huko akapanga nyumba pamoja na mwenzake. Baada ya miaka minne, baba akapata habari kamili kuhusu maisha yao. Akampigia mwanawe simu akamwambia, "Usikanyage tena boma langu." Tangu siku hiyo mama akawa anazungumza na mwanawe kwa siri, mzee akiwa ameenda kuangalia ng'ombe.

Kisha kijana akaugua homa ya mapafu, akalazwa wiki tatu. Katika wiki hizo, aliyemlisha uji kwa kijiko ni yule mwenzake. Aliyemwosha, aliyembadilishia shuka, aliyekimbia kununua dawa zilizokosekana wodini, ni yeye. Kwa maneno mengine, mama, yeye pia alikuwa mlezi kama wewe.

Kijana alipofariki, mwili uliletwa nyumbani kuzikwa. Siku ya mazishi yule mwenzake akafika kwa bodaboda, akaketi kiti cha nyuma kabisa, karibu na akina mama waliokuwa wakipika. Baba alipomwona akasema kwa sauti, "Mtoeni huyo." Vijana wakamtoa. Katika programu ya mazishi yaliandikwa majina ya ndugu, binamu, hata majirani. Jina la aliyemuuguza marehemu halikuwemo.

BABA ANAONA NINI?

Ili usaidie, lazima kwanza uelewe baba anaona nini anapomtazama kijana huyu. Kuelewa si kukubali.

Kwanza, anaona mwizi. Katika mawazo yake, alimpeleka mwanawe mjini akiwa sawa, na huko mtu akamharibu. Kwa mzazi, ni rahisi kuamini kwamba mtoto alipotoshwa kuliko kuamini kwamba ndivyo alivyokuwa. Lakini kupenda wanaume hakuambukizwi kama mafua. Shirika la Afya Duniani liliondoa jambo hili katika orodha yake ya magonjwa tarehe 17 Mei 1990. Hakuna aliyemwambukiza mwana wako.

Pili, anaona aibu. Chini ya hema wameketi chifu, wazee wa ukoo, viongozi wa dini na wakwe. Baba anasikia minong'ono hata pale ambapo hakuna anayenong'ona. Anapomfukuza kijana mbele ya watu, anataka waone kwamba yeye hakuhusika.

Tatu, anaona chanzo cha kifo. Hata kama daktari ameandika homa ya mapafu, moyoni anasema, "Huyu ndiye aliyemuua." Aliyefiwa hutafuta wa kulaumu, kwa sababu lawama ni nyepesi kubeba kuliko huzuni.

Nne, na hili ndilo zito zaidi, anaona shahidi. Yule kijana anaijua ile simu. Alikuwa ameketi karibu maneno yale yaliposemwa, na ndiye aliyemwona mwana akilia baadaye. Baba hana tena nafasi ya kupatana na mwanawe. Kila akimwona kijana huyu, anakumbushwa deni ambalo hawezi kulilipa. Sehemu kubwa ya ukali wake ni hofu.

Na hapa pana jambo la kuhuzunisha. Usiku baba huyu halali. Anajiuliza, mtoto wangu aliumia sana? Alikula nini mwisho? Aliniulizia? Alikufa akinichukia? Maswali hayo yana mtu mmoja tu anayeweza kuyajibu, naye ndiye aliyefukuzwa kwenye hema.

MSIBA USIO NA KITI

Sasa tumtazame kijana. Mjane huketi kwenye mkeka, watu wakaja kumpa pole. Mama mzazi hushikwa mkono. Kijana huyu hapewi pole na yeyote. Kazini hapewi siku za kuomboleza, maana atasema amefiwa na nani? Mtaalamu mmoja wa Marekani, Kenneth Doka, aliandika mwaka 1989 kuhusu huzuni ya namna hii: huzuni ambayo jamii haiitambui, na mwenye nayo hana ruhusa ya kuionyesha. Huzuni kama hiyo hukawia kupona kwa sababu mtu huibeba peke yake.

Jambo hili haliko Kenya pekee. Mwezi wa Mei mwaka 2011, huko Los Angeles nchini Marekani, kijana aitwaye Tom Bridegroom alianguka kutoka juu ya paa akafa. Mwenzi wake, Shane Bitney Crone, alieleza baadaye kwamba alionywa asihudhurie mazishi, yaliyofanyika katika jimbo la Indiana alikotoka Tom. Hakwenda. Mwaka mmoja baadaye alitoa uchungu wake katika video kwenye intaneti, na mwaka 2013 ikatoka filamu iitwayo Bridegroom. Unaona, mama, kumfungia mtu lango la kaburini hakumalizi huzuni yake. Hutafuta mlango mwingine. Shane aliupata mlango wa kusema. Wengi hawaupati, na huishia kwenye chupa, au kwenye kamba.

UFANYE NINI, MAMA?

1. Tanguliza usalama.

Usimlete kijana nyumbani ghafla ukitumaini kwamba mzee ataona haya na kunyamaza. Kama mume wako ana historia ya kupiga, au vijana wa ukoo wana hasira, kutana na kijana huyo mahali pengine, kwa dada yako au mjini. Pia usitangaze habari zake. Vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu ya Kenya bado vinaadhibu tendo la ngono baina ya wanaume, na Mahakama Kuu ilikataa kuviondoa tarehe 24 Mei 2019. Neno moja ulilosema kisimani laweza kumfanya apoteze kazi, nyumba au maisha. Lakini kumbuka pia kwamba hakuna sheria inayokukataza kumpa pole mtu aliyefiwa, wala kumpa kikombe cha chai.

2. Usikubali ugonjwa ugeuzwe kuwa fimbo.

Watu watasema ni UKIMWI hata bila kujua. Kama mwanao hakuwa na virusi, uvumi huo ni dhuluma kwa marehemu. Na kama alikuwa navyo, hiyo bado si sababu ya kumwita mwenzake muuaji. Huenda hakuna anayejua nani aliambukizwa lini. Virusi vya UKIMWI haviambukizwi kwa kushika mkono, kwa kula sahani moja, wala kwa kutumia godoro au nguo za marehemu. Leo mtu anayemeza dawa za kupunguza makali ya virusi kila siku kama alivyoagizwa, hata virusi vyake vikawa vichache kiasi cha kutoonekana kwenye vipimo, hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ngono.

Kijana ashauriwe kwenda kupimwa kwa hiari yake. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2006 inakataza kumlazimisha mtu kupimwa, na inakataza kutangaza hali yake bila idhini yake. Na kama tayari anatumia dawa, muulize kwa upole kama bado anazimeza. Waliofiwa husahau dawa zao, au huona hazina maana tena.

3. Linda vitu vya marehemu.

Mara nyingi kabla hata ya mazishi, lori hutumwa Nairobi kwenda kuhamisha vitu. Kitanda, televisheni, jiko, simu, vyote huchukuliwa, na aliyebaki hujikuta amelala sakafuni. Mwambie mzee na ndugu zake ukweli huu: Sheria ya Urithi ya Kenya, katika kifungu cha 45, inasema kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya kisheria ni kosa la jinai. Isitoshe, baadhi ya vitu hivyo ni vya kijana mwenyewe, alivyonunua kwa jasho lake. Nyumba ya watu wawili huwa na vijiko vya watu wawili.

4. Omba kuelezwa habari za mwanao.

Huu ndio moyo wa mazungumzo yetu. Wewe pia una maswali. Mpigie kijana simu umwambie, "Mwanangu, pole. Najua ulimuuguza. Nieleze siku zake za mwisho." Kisha nyamaza usikilize. Usiulize mambo ya chumbani, hayakuhusu. Uliza alikuwa akila nini, alipenda wimbo gani, alikuwa akisema nini juu ya nyumbani. Utalia, naye atalia, na kilio hicho ni dawa kwenu wawili. Huenda neno "mwanangu" likawa pole ya kwanza aliyopewa tangu siku ya kifo.

5. Zungumza na mzee kwa wakati wake.

Usianze siku ya mazishi, wala akiwa amelewa, wala mbele ya ndugu zake. Subiri saa ya utulivu, mkiwa wawili tu. Usianze na habari za kijana. Anza na habari za mtoto wenu. Waweza kusema, "Mzee wangu, siku aliyozaliwa ulipanda ule mwembe. Je, unamkumbuka akiupanda?" Mwache azungumze. Akinyamaza, nyamaza naye.

Siku nyingine waweza kusema, "Sikuombi umpende kijana yule. Nilitaka tu kujua mtoto wetu alikufa vipi, naye ameniambia." Kisha usiongeze neno. Akitaka kujua, atauliza. Akiuliza, "Alisema nini juu yangu?" mwambie ukweli, lakini mwambie kwa huruma. Kama mwana alikuwa akimwogopa baba yake na bado akimkumbuka, sema yote mawili. Usitunge msamaha ambao marehemu hakuutoa. Uongo wa kufariji huvunjika, na baba mkali huugundua haraka.

Pia usimwambie, "Wewe ndiye uliyemuua kwa maneno yako." Hata ukiwa na hasira kiasi gani, hilo usilitamke. Tayari analiambiwa na moyo wake kila usiku, na mtu aliyebanwa pembeni hupiga.

6. Tengeneza kitabu cha kumbukumbu.

Majirani zetu wa Uganda wana mfano mzuri. Katika miaka ya 1990, akina mama waliokuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI, katika chama chao kiitwacho NACWOLA, walianza kuwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu: tulikotoka, ulivyozaliwa, unachopenda. Nyumba iliyofiwa inaweza kuiga. Chukua daftari la kawaida. Wewe andika utoto wake. Kijana aandike miaka ya Nairobi: kazi yake, marafiki, vyakula alivyopika, alivyougua. Bandika picha. Kisha liweke daftari hilo mahali mzee anapojua lipo, bila kumlazimisha. Mzee ambaye hawezi kumtazama kijana usoni huenda akaweza kusoma mwandiko wake. Ila kumbuka usalama: yaandikwe mambo ambayo hayatamdhuru mtu yeyote daftari likiangukia mikono mingine.

DALILI ZA HATARI

Mama, huzuni si ugonjwa. Kulia, kukosa hamu ya chakula na kuota ndoto za marehemu ni kawaida. Lakini Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, linatambua pia huzuni iliyopita kiasi: ile inayoendelea kwa zaidi ya miezi 6 ikiwa kali, hata mtu hawezi kufanya kazi zake wala kuishi maisha yake.

Kwa mzee, angalia haya: ameacha dawa zake za shinikizo la damu, anakunywa pombe kuliko zamani, hasemi na mtu, anapiga watoto au mifugo kwa sababu ndogo. Akilalamika kifua kinambana, au anakosa pumzi, au mkono unauma, usiseme ni uchungu wa msiba tu. Hatari ya mshtuko wa moyo hupanda katika siku za kwanza baada ya kufiwa. Mkimbize hospitali.

Kwa kijana, angalia haya: hajibu simu, anagawa vitu vyake, anasema, "Nami nitamfuata." Ukisikia neno kama hilo, muulize waziwazi, "Je, unafikiria kujiua?" Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, kunamwonyesha kwamba kuna mtu anayejali. Usimwache peke yake. Mpeleke kwenye kituo cha afya, au mpige simu ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, nambari 1199, mzungumze na mshauri nasaha. Zamani watu waliogopa kusema kwa sababu kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho cha sheria kinakwenda kinyume na Katiba. Kwa hivyo usifiche.

Na wewe mwenyewe, mama? Umempoteza mtoto uliyembeba tumboni, na tangu siku hiyo unabeba hasira ya mume na machozi ya kijana. Mbeba mizigo ya watu huanguka na wake. Tafuta mtu mmoja wa kuaminika umlilie: dada, rafiki, mhudumu wa afya wa jamii au mshauri nasaha. Lala. Kula hata kama chakula hakina ladha.

JE, BABA ATABADILIKA?

Hatuwezi kukuahidi. Wako akina baba waliokwenda kaburini bila kulitaja jina la kijana. Usijipime kwa hilo. Wako wengine ambao mabadiliko yao huja kidogo kidogo, na usipoangalia huyaoni. Siku moja mzee anaacha kusema "lile jitu" na kusema "yule kijana". Siku nyingine anauliza, kana kwamba hajali, "Bado yuko kwenye ile nyumba?" Hata akiuliza kwa sauti ya ukali, mjibu kwa upole: "Bado yuko. Anaendelea kidogo." Usishangilie, wala usimkumbushe aliyoyasema jana. Mtu mkali akianza kulegea huona haya.

Jambo la kukumbuka leo ni hili. Baba na kijana huyu wanampenda na wanamlilia mtu mmoja. Mmoja anajua alivyoanza maisha, mwingine anajua alivyoyamaliza. Wakifukuzana, kila mmoja anabaki na nusu ya marehemu. Wewe mama unaweza kuwaunganisha polepole, bila kelele na bila kumhatarisha mtu, hata kama kwa muda mrefu utapeleka habari za huyu kwa yule na hawajaonana ana kwa ana.

 Itunze afya yako, na uwatunze waliofiwa walio karibu nawe, hata wale wasiopewa kiti. 

Maswali ya kujadili katika kikundi:

1. Katika kijiji chetu, ni nani huachwa nje wakati wa matanga, na ni nani anayeweza kumpelekea pole?
2. Mama anaweza kuchagua wakati gani na maneno gani ya kuzungumza na mume mwenye hasira ya msiba?
3. Kituo cha afya kilicho karibu nasi kina mshauri nasaha? Anapatikana siku gani?